Nyumba Inayoungua Kila Siku

Ndugu msomaji, kabla ya yote nikupeleke kwenye banda la video la mtaani kwetu. Mabati yametoboka, mabenchi yanachana suruali, jua limezibwa kwa magunia, na mbele kuna televisheni moja na deki moja ya DVD iliyofungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli. Kiingilio shilingi mia mbili. Humo ndimo nilimosomea utunzi. Darasani nilisomea mengine.

Karibu kila jioni kulikuwa na kisa kimoja kisichobadilika. Stelingi anaufikia mlango. Sisi wa kwenye mabenchi tunajua kuwa nyuma ya mlango yupo adui na panga, maana kamera imeshatuonyesha. Banda zima linalipuka: "Usifungue we! Geuka nyuma!" Stelingi anafungua. Kesho yake filamu ileile inarudiwa, sisi walewale tunapiga kelele zilezile, na jamaa anafungua tena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja nikajiuliza: hivi ingekuwaje kama angesikia?

Nilidhani swali hilo ni langu peke yangu. Kumbe wenzetu walishaliuliza zamani, wakatumia fedha na akili nyingi kulijibu, na jibu lao moja lilifika hadi kwenye sahani ileile ya DVD iliyokuwa ikizunguka ndani ya deki ya banda letu. Makala hii inaeleza habari za jibu hilo: filamu inayosimama na kumuuliza mtazamaji, "Sasa tufanye nini?" Nimeifuatilia historia hii kwa sababu naandika riwaya, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema mwishoni.

Kabla ya sinema

Tusijidanganye kwamba kumshirikisha msikilizaji kuliletwa na umeme. Bibi zetu walipoanza hadithi walisema "Paukwa!" na hawakuendelea mpaka watoto waitike "Pakawa!" Kwenye kitendawili, ukishindwa unaombwa mji, usipotoa mji hupewi jibu. Tena ziko ngano nyingi katika Afrika ambazo msimulizi hazimalizi. Ndugu watatu wamemwokoa binti mmoja, kila mmoja kwa ufundi wake. Haya, nani amwoe? Hapo msimulizi ananyamaza na baraza linawaka moto. Mwisho wa hadithi unabaki mikononi mwa waliokaa.

Huko Marekani, mwaka 1935, mchezo wa kuigiza wa Ayn Rand uitwao Night of January 16th ulionyeshwa Broadway jijini New York. Ulikuwa mchezo wa mahakamani. Wazee wa baraza walichaguliwa miongoni mwa watazamaji waliolipa tiketi, wakapandishwa jukwaani, na kama wakisema mshitakiwa ana hatia au hana, waigizaji walikuwa na mwisho tayari kwa kila hukumu. Jukwaani jambo hilo si gumu, maana mwigizaji ni mtu hai, anaweza kugeuza maneno. Filamu je? Filamu imeshapigwa, imekatwa, imeunganishwa. Ni kama chapati iliyokwisha iva. Utaikunjuaje uirudishe unga?

Bwana Novák na mlango wake

Jibu lilitoka Prague, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Mwaka 1967 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Montreal, Kanada, na kila nchi ilijenga banda lake. Ndani ya banda la Wachekoslovakia, mtunzi na mwongozaji Radúz Činčera na wenzake walitengeneza ukumbi wa viti 127. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Mtambo huo waliuita Kinoautomat, na filamu yenyewe ilihusu mtu mmoja na nyumba yake.

Filamu inaanza na mwisho: jengo la ghorofa analoishi Bwana Petr Novák linawaka moto. Kisha tunarudishwa nyuma tuone ilikuwaje. Novák yuko nyumbani. Mkewe hajarudi. Mlango unagongwa. Jirani yake wa kike amejifungia nje, na mwilini ana taulo tu. Amfungulie au asimfungulie?

Hapo filamu inasimama. Taa zinawaka. Mwigizaji Miroslav Horníček, yuleyule aliyekuwa Novák kwenye pazia, anatokea jukwaani mzima mzima na kuwauliza watazamaji: mnasemaje? Watu wanabonyeza. Kuzunguka pazia kunawaka namba za viti, kila namba kwa rangi aliyoichagua mwenye kiti, kwa hiyo hata jirani yako anaona umepiga kura gani. Rangi iliyoshinda ndiyo inayofuatwa. Mambo yanakwenda hivyo mara tisa.

Kituko kingine ni kwamba Horníček hakujua Kiingereza. Alikariri maneno yake sauti kwa sauti kama mtoto wa chuoni anavyokariri asichokielewa, akapanda jukwaani Montreal, na watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Banda likajaa, sifa zikaenea.

Mitambo yenyewe haikuwa ya ajabu kama watu walivyodhani. Walikuwa na projekta mbili zinazokwenda sambamba, kila moja na mkanda wake. Kura ikiisha, fundi anaziba jicho la projekta moja na kufungua la nyingine. Kifuniko cha lenzi tu! Hapo ndipo penye siri ya utunzi, na ndipo nataka sisi wenye kalamu tusogee karibu.

Hesabu ya matawi

Chukua karatasi. Chora mstari, uugawe mara mbili. Kila tawi ligawe tena mara mbili. Ukifika mgawanyiko wa tisa utakuwa na miisho 512, na vipande vya filamu vya kupiga jumla 1,023. Kama kila kipande ni cha dakika moja, hizo ni saa zaidi ya 17 za filamu, wakati mtazamaji mmoja ataona dakika kumi tu! Hakuna mtunzi mwenye fedha hizo, na hakuna mwigizaji mwenye roho hiyo.

Činčera na wenzake walikwepa msitu huo kwa ujanja mmoja. Kila tawi linatoka, linazunguka kidogo, kisha linarudi kwenye shina kabla ya swali linalofuata. Umfungulie yule mama wa taulo au umfungie, mambo yatageuka geuka mpaka mjikute mahali palepale. Ukipanga hivyo, maswali tisa yanahitaji kipande kimoja cha kuanzia na vipande viwili kwa kila swali: jumla 19. Vipande 19 badala ya 1,023. Waswahili tulishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Nyumba ya Novák je? Inaungua. Bonyeza chekundu, inaungua. Bonyeza kijani, inaungua. Inaungua kila siku, mbele ya kila kundi la watu 127 waliopiga kura kwa makini, wakabishana, wakachekana. Činčera alikusudia hivyo. Ilikuwa kejeli juu ya kura yenyewe: watu wanaulizwa, wanajibu, wanahesabiwa, halafu jambo linakwenda kule lilikokuwa likienda.

Sasa fikiria kejeli hiyo inatoka nchi gani na mwaka gani. Agosti 1968, mwaka mmoja tu baada ya Montreal, vifaru vya Urusi na washirika wake viliingia Prague kuzima mageuzi yaliyokuwa yameanza. Kinoautomat ilionyeshwa Prague mwaka 1971 katika sinema ya Světozor, na watu waliipenda. Mwaka 1972 chama tawala kikaiondoa. Filamu ya kuchekesha, ya jirani na taulo, ikaonekana haifai. Mimi nadhani wakubwa wale walielewa kichekesho kuliko wengine wote.

Miaka ya 1990, utawala ule ukiwa umeshaanguka, televisheni ya Czech iliirusha kwenye chaneli mbili kwa wakati mmoja, ili mtazamaji achague njia kwa kubadilisha chaneli. Lo! Watu wakawa wanarukaruka huku na huku, wakaona kumbe njia zote zinakutana. Siri ikawa nje, na wapo waliolalamika kwamba wamechezewa. Weka lalamiko hilo akilini, maana litarudi na litanikuta mimi mwenyewe.

Kitabu, sarafu na viti vitupu

Wakati Kinoautomat imefungiwa, wazo lilipita njia nyingine. Mmarekani Edward Packard alikuwa akiwasimulia binti zake hadithi za usiku. Alipoishiwa aliwauliza: sasa shujaa afanye nini? Kila mtoto akajibu lake. Akaandika kitabu ambacho chini ya ukurasa unaambiwa, ukitaka hili nenda ukurasa fulani, ukitaka lile nenda ukurasa fulani. Wachapishaji wakamkatalia miaka kadhaa. Kitabu chake, Sugarcane Island, kilitoka mwaka 1976 kwa mchapishaji mdogo, na mwaka 1979 kampuni kubwa ikaanza mfululizo wa Choose Your Own Adventure uliouzwa mamilioni kwa mamilioni. Wenzangu mnaorudishiwa miswada, mnasikia?

Mwaka 1983 ukaja mchezo wa mashine ya sarafu uitwao Dragon's Lair, wenye katuni zilizochorwa na kikundi cha Don Bluth. Ndani ya mashine kulikuwa na santuri ya leza, sahani pana ya sentimita 30 iliyokuwa imeanza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Sahani ina faida ambayo mkanda hauna. Mkanda wa video ukitaka kufika mwisho lazima uuzungushe wote, kama kusubiri daladala imalize vituo vyote. Sahani, jicho la leza linaruka moja kwa moja hadi mahali unapotaka. Mchezaji akikosea, leza inarukia kipande ambacho shujaa anakufa. Akipatia, inarukia kipande kinachofuata. Sarafu zikamiminika.

Mwaka 1992 Wamarekani wakarudisha wazo hili kwenye kumbi za sinema. Bob Bejan alitengeneza filamu ya dakika 20 iitwayo I'm Your Man, na kwenye mkono wa kila kiti kukawekwa kishikio chenye vitufe vitatu. Mwaka 1995 ikafuata Mr. Payback ya Bob Gale, mmoja wa waandishi wa Back to the Future. Humo kura zilihusu zaidi adhabu gani mbaya apewe mtu mbaya. Wahakiki waliiponda vibaya. Ukumbini watu walipiga kelele, na wengine waliruka viti vitupu wakabonyeza na vya huko, kura mbili tatu kwa kichwa kimoja. Uchakachuaji hauna kabila. Biashara ikafa muda si mrefu.

Mtu aliyekuwa kwenye kura hizo hakuwa amechagua kitu. Wengi walichagua, yeye akaburuzwa. Ilibidi kipatikane chombo ambacho mtu mmoja anakaa na rimoti yake, sebuleni kwake, bila kugombana na viti 126 vingine.

Deki yetu yenye kumbukumbu

Chombo hicho ndicho DVD. Kiliingia sokoni Japani Novemba 1996 na Marekani mwaka 1997. Sisi huku tulikijua kama sahani ya filamu tu, ishirini kwa moja, zile zilizopangwa barabarani juu ya kipande cha turubai. Au tulikijua kwa sauti ya Lufufu akitusimulia filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili cha kuvunja mbavu. Ukifikiri vizuri, kazi ya Lufufu haikuwa mbali na ya Horníček: mtu anayesimama kati ya filamu na watu.

Lakini waliobuni DVD waliweka ndani yake mambo ambayo wengi wetu hatukuyagusa. Sahani ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, yaani karibu saa mbili za filamu yenye picha nzuri. Sahani inaweza kuwa na filamu hadi 99 zinazojitegemea, na tukio moja linaweza kupigwa kwa pembe hadi 9. Ile menyu unayoiona mwanzo, yenye "cheza filamu" na "chagua sehemu", si picha tu. Kila kitufe kilichopo kwenye menyu kimefungiwa amri, na amri hiyo inaweza kuiambia leza iruke popote kwenye sahani. Tena menyu inaweza kutokea katikati ya filamu, juu ya picha inayotembea. Mshale wa kushoto, mshale wa kulia, bonyeza. Unaweza pia kuweka muda: mtazamaji akizubaa sekunde kumi, deki inamchagulia yenyewe.

Na kubwa kuliko yote, deki ina kumbukumbu. Ni visanduku 16 vidogo ambavyo mtengenezaji anaweza kuandika namba humo. Alipofungua mlango, andika 1. Asipofungua, andika 0. Nusu saa baadaye, filamu ikifika kwenye tukio la mkewe kurudi, deki inachungulia kisanduku: ikikuta 1, inacheza kipande hiki, ikikuta 0, inacheza kile. Ukizima deki au ukitoa sahani, visanduku vinafutika. Lakini wakati filamu inacheza, deki inakukumbuka.

Mwaka 1998 I'm Your Man ikatolewa kwa DVD, na mwaka 2008 Kinoautomat yenyewe, ile iliyofungiwa, ikatolewa kwa DVD huko Czech. Činčera hakuiona, alifariki mwaka 1999. Binti yake, Alena Činčerová, ndiye aliyeshughulika kuirudishia uhai kazi ya baba yake. Kura za watu 127 zikawa kura ya mtu mmoja na rimoti.

Tulivyojaribu wenyewe

Mimi na rafiki zangu wawili tulisema tusibaki kusimulia ya wenzetu. Tukatunga filamu fupi ya konda wa daladala anayeokota mkoba wa hela chini ya siti. Swali la kwanza: aurudishe au aufiche? Maswali yalikuwa manne, vipande vilikuwa tisa, kila tawi lilirudi kwenye shina, na mwisho mmoja: konda anafukuzwa kazi. Tulipiga kwa simu. Tulijifunza kwa shida kwamba kwenye filamu ya namna hii, kipande kinachokutanisha matawi mawili lazima kikubaliane na yote mawili. Ukimrarua konda shati kwenye tawi la kushoto, na kwenye tawi la kulia hakuraruliwa, kwenye shina atavaa shati gani? Tukapiga upya nusu ya filamu kwa sababu ya shati.

Kisha tukaweka vipande kwenye kompyuta ya mkopo, tukavigeuza viwe katika mfumo ambao deki inaelewa, tukatumia programu ya bure kuunganisha vitufe na vipande, tukabani sahani. Sahani tatu ziliharibika. Ya nne ikakubali. Leza iliporuka kutoka kipande hadi kipande picha iliganda kidogo, kwa hiyo tukazoea kumaliza kila kipande kwa sura ya konda akiwaza, ili mgando uonekane kama mawazo yake.

Tukaonyesha uani, siku ya Jumapili, mbele ya wapangaji wote. Vijana walishika rimoti kwanza. Raundi ya kwanza: ficha. Raundi ya pili: ficha. Vicheko. Ndipo mama mwenye nyumba, mtu mzima, akasema, "Hebu nipeni na mimi." Akavaa miwani. Akabonyeza: rudisha.

Konda wetu akauchukua mkoba, akaenda kituo kikuu kumtafuta mwenyewe, hakumpata, akarudi nao. Shina. Mambo yakaendelea kama kawaida, na mwisho akafukuzwa kwa wizi, maneno yaleyale ya tajiri yake, matusi yaleyale.

Mama akavua miwani. Akatutazama mmoja mmoja.

"Wanangu," akasema, "huyu mimi nimemrudishia mtu mali yake. Mbona anatukanwa sawa na yule mwizi wenu?"

Rafiki yangu akaanza kumweleza habari za matawi, gharama, vipande 19 vya Wachekoslovakia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Sawa baba. Lakini kama hamkuwa na nia ya kunisikiliza, mlinipa rimoti ya nini?"

Uani ukawa kimya. Ndugu msomaji, wahakiki wote wa New York hawajawahi kuandika sentensi nzito kama ile.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kujitetea kwa kumtaja Činčera: hata yeye nyumba yake inaungua tu. Lakini kuna tofauti. Činčera aliionyesha nyumba ikiungua tangu mwanzo. Hakumficha mtu. Aliyapanga maswali yake ili mwisho wa safari mtazamaji acheke kwa uchungu na kusema, aa, kumbe ndivyo tunavyofanyiwa. Sisi tuliyarudisha matawi kwenye shina kwa uvivu na ukata, halafu tukajifanya tumempa mtu uhuru.

Tukarudi kwenye visanduku vya kumbukumbu. Hatukuwa na hela ya kupiga mwisho mpya mzima, kwa hiyo konda alifukuzwa vilevile. Tulichoongeza ni vipande viwili vya nusu dakika. Kwenye kimoja, konda aliyeficha mkoba anashuka ngazi za ofisi, watu wanampisha, hakuna anayemtazama. Kwenye kingine, konda aliyejaribu kurudisha anashuka ngazi zilezile, na mwanamke mmoja anamshika mkono: "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiulizia mwenye mkoba pale kituoni?" Basi, hapo inaisha. Kazi amepoteza, lakini yupo mtu mmoja mjini anayejua. Mama mwenye nyumba alipoiona mara ya pili hakusema kitu. Alirudisha miwani kwenye mfuko wake, akaniambia, "Sasa sawa."

Kilichofutwa na kilichobaki

Wakubwa wa dunia nao walirudi kwenye mchezo huu. Desemba 2018 kampuni ya Netflix ilitoa Bandersnatch, iliyoandikwa na Charlie Brooker, kuhusu kijana wa mwaka 1984 anayetengeneza mchezo wa kompyuta kutokana na kitabu cha matawi na kuanza kuhisi kuwa yuko mtu anayemwamulia. Swali la kwanza ni dogo kabisa: ale chakula gani asubuhi? Baadaye, tangazo la chakula ulichochagua linatokea kwenye televisheni ndani ya filamu. Ni kile kisanduku chetu cha kumbukumbu, kwa fedha nyingi zaidi. Walipiga filamu ya dakika 150, wakaigawa vipande 250.

Lakini haikuwa kwenye sahani. Ilikuwa kwenye mitambo ya kampuni, nawe unaiona kupitia intaneti. Kampuni ilipoamua kuachana na filamu za namna hiyo, ikaziondoa, na Mei 2025 Bandersnatch ikaondolewa nayo. Aliyekuwa akiilipia kila mwezi hakubaki na kitu mkononi.

Linganisha. Kinoautomat ilifungiwa na chama chenye dola na askari, ikarudi, sasa iko kwenye sahani ya sentimita 12 ambayo mtu anaweza kuipangusa kwa shati na kuitia kwenye deki. Bandersnatch haikufungiwa na askari yeyote. Iliondolewa na mwenye mali, kimya kimya, na imeondoka. Ndiyo maana siungani na wanaoicheka sahani kuwa ni kitu cha kizamani. Wenzangu tunaotunga, tujifunze pia kuuliza kazi yetu inalala wapi usiku.

Nilikuahidi sababu ya pili, nami nitaisema. Nilimaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Tangu siku matokeo yalipotoka, kila mtu ananipa rimoti. Mjomba: nenda kwenye gereji au nenda kwenye bodaboda. Shangazi: rudia mtihani au rudi kijijini. Chekundu au kijani. Mara nyingi nimekaa kijiweni nikijiuliza kama vitufe hivi tunavyopewa sisi vimeunganishwa na waya wowote, au nyumba yetu imeshapigwa picha ikiungua, na kinachosubiriwa ni sisi kufika.

Sina jibu la uongo la kukupa. Huenda kuna nyumba zitakazoungua hata tukibonyeza nini. Lakini vipande 19 vya Činčera vina njia 512 za kuvipita, na Novák wa njia hii si Novák wa njia ile, hata kama moto ni mmoja. Na konda wetu aliyeshikwa mkono kwenye ngazi si sawa na yule aliyepishwa. Riwaya yangu ilikuwa imekwama miezi minane kwa sababu nilikuwa natafuta mwisho mzuri. Sasa nimeacha kuutafuta. Mwisho nimeuandika kwenye ukurasa wa kwanza, kama alivyofanya yule mzee wa Prague, na ninachoandika sasa ni nani atakayemshika mkono kijana wangu akishuka ngazi.

Nimefika sura ya saba. Mlango unagongwa.